Gitaa la Katikati

Anayetoka Tanga kwenda Arusha, akifuata barabara au reli, hana njia ya kuikwepa Hedaru. Ukishaiacha Mombo unapita Mkomazi, unapita Mabilioni, milima ikiwa mkono wa kulia na nyika ya mto Pangani mkono wa kushoto, halafu unaingia hapa kabla ya Makanya na Same. Mwaka 1970 ndugu wawili wapiga gitaa, Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga, waliiacha Tanga wakahamia Arusha. Mwaka uliofuata walivuka mpaka kwenda Nairobi, na huko ndiko walikoanzisha Simba Wanyika. Wapenzi wa bendi hiyo walioko Hedaru huizungumzia safari ile kama habari ya ukoo wao. Jina lilikulia Kenya, sawa, lakini njia ilipita mlangoni kwao, na hilo hakuna wa kuwanyang'anya.

Mazungumzo yenyewe hayapangwi. Huanza jioni, joto likishapungua, kwenye kibanda cha fundi redio karibu na stendi. Fundi ana spika moja kubwa ya mbao, ameiweka juu ya kabati la vipuri, na mteja aliyekuja kuchukua redio yake mara hujikuta amekaa. Huja mzee mmoja mstaafu wa reli. Huja mwalimu. Huja vijana wa bodaboda waliozaliwa baada ya bendi kwisha, wenye nyimbo hizo kwenye memori kadi, na wanaojua kila mahali ambapo gitaa hubadilika. Wanabishana kwa furaha na kwa ukali, kama watu wengine wanavyobishana juu ya Simba na Yanga.

Mzee wa reli anashikilia Tanga. Kwake yeye, kila kilichokuja baadaye kilikwisha kuiva Jamhuri Jazz, bendi waliyoipigia Tanga. "Nairobi walikwenda kuuza tu," husema. "Kazi walifunzwa Tanga." Mwalimu anashikilia Nairobi ya miaka ya sabini, ile ya sahani ndogo za santuri. Vijana wako upande wa albamu za miaka ya themanini, zenye nyimbo ndefu na sauti iliyotakata. "Mwalimu, nakuheshimu," kijana mmoja humwambia, "lakini kwa wimbo wa Haleluya hapo huna la kusema." Mwalimu hucheka, kisha humwomba fundi aurudishe wimbo mwanzo.

Fundi mwenyewe huongea kidogo. Akishachoka na majina ya waimbaji husema neno moja tu: "Msikilizeni yule wa katikati." Ana maana ya gitaa la rizimu. Nimelifikiri neno lake kwa muda mrefu, na nimekuja kuamini kwamba ndilo ufunguo wa habari yote ya Simba Wanyika, kuanzia Tanga mpaka mwisho wao.

Tanga ya miaka ya sitini ilikuwa mji wa mkonge, bandari na magitaa. Atomic Jazz walikuwepo, Jamhuri Jazz walikuwepo, na kila bendi ilikuwa na watu wake waliokuwa tayari kugombana kwa ajili yake. Hata taarabu ya mji ule ilikuwa na tabia yake. Lucky Star na Black Star, kikundi kilichomfanya mwimbaji Shakila ajulikane Afrika Mashariki nzima, waliliingiza gitaa na besi mahali ambapo Zanzibar ilizoea fidla na kanuni. Kwa hiyo kijana wa Tanga alisikia gitaa kwenye dansi, akalisikia tena harusini, na kila mahali liliongea kwa namna tofauti. Wilson na George waliingia Jamhuri Jazz mwaka 1966. Miaka minne waliyokaa pale ndiyo mzee wa reli anayoitetea, na hoja yake ina uzito: mtu hafiki Nairobi akiwa na mkono mwepesi kama ule kama hakuupata nyumbani.

Arusha hawakukaa sana. Walianzisha Arusha Jazz pamoja na ndugu yao mwingine, William, na mwaka 1971 wakaendelea mbele. Sababu ya kuendelea inafahamika kwa yeyote aliyeijua Tanzania ya wakati ule. Hapa nyumbani Redio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi na kuzitangaza nchi nzima, na bendi kubwa zilikuwa za mashirika na jumuiya, kama NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi. Mwanamuziki alipata mshahara, na jina lake lilisikika, lakini kiwanda cha santuri hatukuwa nacho. Nairobi ilikuwa na studio, na kiwanda, na maduka ya kuuzia sahani. Aliyetaka kuushika wimbo wake mkononi alikwenda Nairobi.

Na sahani zile ndogo ndizo zilizowafundisha namna ya kuujenga wimbo. Upande mmoja ulibeba dakika nne hivi, au tano. Wimbo wa dansi unahitaji zaidi ya hapo: kwanza maneno, taratibu, kisa kikielezwa na watu wakizunguka kwa utulivu, kisha chemko, magitaa yakishika usukani na miguu ikisahau uchovu. Basi wimbo ulikatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza upande wa kwanza, sehemu ya pili upande wa pili. Mtu anaweza kuona hilo kama hasara. Mimi naona ndipo ufundi ulipozaliwa. Fikiria kazi aliyokuwa nayo mtunzi: mwisho wa sehemu ya kwanza lazima uache kiu, ili msikilizaji ainuke kitini aigeuze sahani. Na sehemu ya pili lazima ianze kwa nguvu kamili, bila kupasha moto, huku ikibaki wimbo uleule. Simba Wanyika walilifanya jambo hili kwa ustadi ambao sijausikia kwa wengi. Dakika ya mwisho ya upande wa kwanza, waimbaji wakiwa bado wanaitikiana, gitaa moja linaanza kujisogeza. Mpigaji hajabadilisha kasi, hajapandisha sauti. Amebadilisha tu mahali anapokanyaga ndani ya pigo. Sikio linajua kitu kinakuja, na hapo sahani inakwisha.

Mwalimu anasema mwenye kusikiliza nyimbo hizi kwenye simu, vipande viwili vikiwa vimeunganishwa na mtu asiyejua, hajazisikia. Nakubaliana naye. Pale pa kugeuza sahani palikuwa sehemu ya wimbo.

Turudi kwa yule wa katikati. Bendi hii ilisimama juu ya magitaa, ngoma na sauti za watu, na saksafoni ikiingia mahali pake. Ukilinganisha na bendi za Dar es Salaam, zenye safu ya tarumbeta na wanamuziki wa kujaza jukwaa, Simba Wanyika walikuwa wachache na wakavu, na ukavu huo ni sifa. Hakuna mahali pa kujificha. Gitaa la solo linapanda juu, linachora sauti nyembamba, linamjibu mwimbaji, na ndilo ambalo kila kijana hutaka kulipiga. Besi iko chini. Kati yao liko rizimu, na kwa msikilizaji mwenye haraka rizimu ni kelele ya kujazia tu.

Lakini jaribu kulifuata lenyewe, wimbo mzima, ukiyafumbia sikio mengine. Kwanza utagundua kwamba mpigaji hacharazi kordi nzima nzima. Anaivunja. Anatoa nyuzi moja moja, juu, chini, katikati, kwa mpangilio mfupi unaojirudia, na mpangilio huo wenyewe ni wimbo mdogo unaoweza kuuimba mdomoni. Pili, utagundua kwamba haupigi palepale ambapo ngoma inapiga. Unapita kwenye nafasi zilizoachwa na ngoma, na ngoma inapita kwenye nafasi zilizoachwa nao. Tatu, na hili linahitaji kurudia wimbo mara kadhaa, utasikia kwamba haufanani kabisa kutoka mzunguko mmoja hadi mwingine. Kuna uzi unaobanwa kidogo zaidi, kuna noti inayochelewa unywele mmoja, kuna pahali ambapo mkono unanyamaza kabisa kwa nusu pigo ili neno la mwimbaji lipite. Mtu huyo anamsikiliza kila mwenzake huku mkono wake ukiendelea bila kukosea kwa dakika nane au tisa. Nimejaribu kuhesabu na mguu nikiwa nimekaa kibandani, na mguu ulichoka kabla yake.

Milimani juu yetu, Wapare wana ndiva, bwawa dogo linalokinga maji ya kijito usiku kucha, ili asubuhi yafunguliwe na kugawanywa kwa zamu kwenye mashamba. Rizimu na besi za Simba Wanyika zinafanya kazi ileile. Katika sehemu ya maneno zinakinga. Kila mzunguko unaongeza kitu ambacho hakijaachiliwa, na mchezaji anakisikia kwenye magoti kabla hajakielewa. Chemko linapofunguliwa, nguvu ile haijatoka hewani. Imekusanywa tone kwa tone na watu wawili ambao hadhira haikuwa ikiwatazama.

Kwa miaka ya sabini mtu wa katikati alikuwa Omari Shabani, ambaye wenzake walimwita Profesa, na kwenye besi alikuwepo Tom Malanga. Besi ya Malanga ningeweza kuiandikia makala yake peke yake. Haitembei moja kwa moja kama besi nyingi. Inasema neno fupi, inakaa kimya, inasema jingine, na ukimya wake una uzito sawa na noti zake. Mtu aliyezoea besi ya kubembeleza atadhani imekatika. Kisha atagundua kwamba ameanza kuingoja.

Sasa mwaka 1978. Hapa kibanda cha fundi huwa kinapandisha sauti.

Mwaka huo, mwezi Novemba, Simba Wanyika iligawanyika. Waliobaki ni ndugu wawili wenye bendi, wenye majina, wenye sauti ambazo redio iliwazoesha watu. Walioondoka walikuwa wapiga vyombo: Profesa Omari na gitaa lake la rizimu, Tom Malanga na besi yake, Rashid Juma na ngoma zake, na wengine pamoja nao. Kwa macho ya mtu wa kawaida, mwenye duka alibaki na duka, wafanyakazi wakaondoka. Walioondoka walijiita Les Wanyika, wakamchukua John Ngereza, Mtanzania mwingine aliyekuwa Kenya akipiga na bendi ya Bwambe Bwambe, na wakafanya jambo ambalo wapenzi wachache hulitaja lakini mimi nalistaajabia kuliko yote. Hawakukimbilia jukwaani. Walikaa karibu miezi sita wakitunga na kufanya mazoezi. Miezi sita bila kujionyesha, kwa watu wanaoishi kwa kupiga dansi, ni njaa ya hiari. Ndipo wakafungua pale Garden Square, Nairobi, na muda si mrefu wakatoa "Sina Makosa".

Sina haja ya kuueleza wimbo huo kwa msomaji wa Kiswahili, watoto wanaujua. Mtu anajitetea mbele ya mwenye wivu, na anafanya hivyo kwa upole unaomfanya mwenye hasira aonekane mdogo. Ninachoomba ni kuusikiliza kama fundi anavyotaka. Ondoa kisa. Ondoa sauti. Kinachobaki ni rizimu ya Profesa ikizunguka mzunguko wake mfupi, safi, bila pambo la ziada, na besi ikiuwekea vituo. Ni ufundi uleule wa miaka ya sabini, sasa ukiwa mbele kabisa, bila kaka wawili wa kuufunika. Simba Wanyika walikuwa wameuficha moyo wao katikati, na ulipotoka nje ya nyumba yao ndipo watu wengi waliposikia jinsi ulivyokuwa ukipiga.

Mzee wa reli huwa na la kuongeza hapa, nalo ni kweli. Wakati wimbo huo unatoka, mpaka wa Tanzania na Kenya ulikuwa umefungwa. Ulifungwa Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikivunjika, na haukufunguliwa hadi mwisho wa mwaka 1983. Vijana wa Kitanzania walikuwa wakipiga muziki upande mmoja, ndugu zao wakiwa upande wa pili, na kati yao kizuizi. Redio haikuzuilika. Usiku mawimbi ya Nairobi yalifika yalikotaka, na wimbo uliotungwa na watu wa huku ukaturudia kupitia hewani. Mzee akilieleza hilo, vijana wa bodaboda hunyamaza, maana hakuna kwenye memori kadi kinachoeleza hali ile.

Je, Simba Wanyika walikufa mwaka 1978? Ndilo swali linalogawa kibanda. Mwalimu husema ndiyo, na humtaja Profesa kama ushahidi. Vijana husema hapana, na hapa nawaunga mkono kwa moyo wote. Wilson na George walipata watu wapya na wakaanza tena kazi ya kuufundisha mkono mwingine ukae katikati. Majina yalizidi kuzaana: George alirekodi pia kwa jina la Orchestra Jobiso, na Issa Juma, mwenye sauti nzito iliyopita Les Wanyika miaka ya mwanzo, alianzisha Super Wanyika yake na kuufanya wimbo wa "Sigalame" ujulikane kila mahali. Mtu asiyefuatilia hupotea katikati ya Wanyika hawa wote. Lakini weka nyimbo zao pamoja bila kutazama majina, na gitaa lile la katikati litakuambia kwamba ni wa ukoo mmoja.

Ndugu wale walipofika kwenye albamu za miaka ya themanini, uhuru waliokuwa wakiukosa kwenye sahani ndogo waliupata. Upande wa santuri kubwa unabeba dakika ishirini hivi. Wimbo haukatwi tena. "Haleluya" inaweza kutoka kwenye maneno na kuingia chemko bila mtu kuinuka kitini, na mpito huo umefanywa kwa utulivu wa watu ambao sasa wana muda. Solo ya Wilson inapata nafasi ya kukua, inasema jambo, inalirudia kwa namna nyingine, inalijibu. Vijana wana haki ya kuupenda muziki huo. Kitu kimoja tu nakikosa, ile hatua ndogo ya gitaa iliyokuwa ikijisogeza kabla ya sahani kwisha. Kwenye albamu haihitajiki, kwa hiyo mara nyingi haipo. Uhuru uliwapa urefu na ukawanyima ule mkazo wa dakika ya mwisho. Nisingependa kuchagua kimoja. Nikilazimishwa, nitachagua sahani ndogo, na mwalimu atanunua chai.

Kuhusu miaka ya mwisho kibanda hakizungumzi sana. Albamu ya "Pepea" ilitoka Uholanzi mwaka 1992, na Wazungu waliosikia bendi ya Nairobi kwa mara ya kwanza walipata kazi ya mikono iliyokuwa na zaidi ya miaka ishirini pamoja. Mwaka huohuo George alifariki. Wilson alimfuata mwaka 1995, na Simba Wanyika ikaishia hapo. Hakuna aliyejaribu kwa dhati kuichukua, na naona ilikuwa heshima, kwa sababu kazi yenyewe haikuwa ya kurithishwa kwa jina. Ilihitaji watu waliokaa pamoja miaka, wakiijua pumzi ya kila mmoja.

Kwa anayeanza leo, sishauri aanze na orodha ya nyimbo zilizovuma. Achukue "Baba Asiya", akae nayo jioni nzima. Asikilize mara ya kwanza kwa ajili ya kisa na sauti, kama kila mtu. Mara ya pili afuate besi peke yake. Mara ya tatu amtafute wa katikati, na asikate tamaa akimpoteza, maana kwenye spika za simu gitaa hilo huzama. Spika ya mbao, hata ikiwa moja, hulitoa vizuri zaidi kuliko vidude viwili vya masikioni. Baada ya hapo ahamie "Sina Makosa" na alinganishe gitaa la katikati katika nyumba mbili. Kama ana rafiki anayepiga gitaa kwaya ya kanisani, amwombe apige mzunguko ule kwa dakika tano bila kusimama na bila kuongeza kasi. Wengi huongeza kasi kabla ya dakika ya pili. Akimaliza hayo, arudi kwenye "Haleluya", na safari hii asimsikilize mwimbaji.